Vioo vya Pikipiki ya Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alikuwa dresa. Kazi yake ilikuwa kuzungukia zahanati ndogo za vijijini, kutoka Tabora hadi Goweko na kupita huko, akipeleka dawa na kufunga vidonda, kwa pikipiki aliyopewa na ofisi. Enzi hizo za Mwingereza wengi wetu tuliiita tukutuku. Njia yake ilikuwa ileile ya misafara ya zamani, iliyomleta babu yangu kutoka Uzaramo na mzigo kichwani. Babu alipofika Tabora aliutua ule mzigo na hakuuinua tena. Kwa hiyo mimi ni Mzaramo wa Tabora, mzaliwa wa Mtendeni, na bahari niliiona nikiwa tayari na mvi.

Nilikuwa fundi bati. Kibanda changu kilikuwa Gongoni, na humo nilitengeneza vibatari, ndoo, makarai na birika, nikalehemu masufuria yaliyotoboka. Sikupenda kuharakishwa na sikupenda kusahihishwa. Mteja akinionyesha kwa kidole pa kupiga nyundo, nilimpa nyundo yenyewe apige. Watu walilalamika juu ya mdomo wangu, lakini hakuna aliyelalamika kwamba birika langu linavuja.

Siku moja shemeji alisimamisha pikipiki mbele ya kibanda akasema anataka vioo viwili vya kuonea nyuma, na vishikio vya taa.

"Vioo vya nini, shemeji? Umeanza kujipamba uzeeni?" nikamuuliza huku nimeinamia kazi yangu.

Hakujibu. Niliinua uso nikakuta anatazama barabara, ametulia, wala hana habari kwamba nimesema neno. Hapo nikaacha mzaha, kwa sababu jambo lenyewe nilikuwa nalijua. Dada yangu alikuwa amenieleza juma lile akilia. Kwinini, aliyoimeza miaka mingi akipambana na homa za porini, ilikuwa imemla masikio. Ukikaa mbele yake alikusikia kidogo na kilichobaki alikisoma midomoni mwako. Ukiwa nyuma yake hukuwapo.

Nikamzungukia nikakaa mbele yake.

"Kuna lori lilinipita juzi karibu linichukue," alisema. "Lilipiga honi, nasikia, mpaka watu wakatoka mashambani. Mimi niliona vumbi tu. Ofisi ikijua, pikipiki atapewa mwingine, na mimi nitawekwa ndani kuosha chupa. Nami kazi yangu ni njia, shemeji. Nitengenezee vioo. Masikio yangu yawe hapo kwenye usukani."

Ndiyo kazi niliyopewa. Kama vioo vingefanya kazi, angebaki barabarani na angebaki mzima. Visingefanya, moja kati ya hayo mawili lingekatika, na dada yangu alikuwa na watoto wanne.

Nilianza na taa, kwa kuwa taa nilizielewa. Kishikio cha taa ya mbele kilikuwa kimepasuka kwa ule mtetemeko wa barabara, matuta madogomadogo yanayogonganisha meno. Nikachukua chuma bapa cha kitanda kilichovunjika, nikakikunja mara mbili, nikatoboa matundu kwa keke, na kati ya chuma na taa nikaweka kipande cha mpira wa tairi ili mtetemo uishie kwenye mpira. Taa ya nyuma nayo ilikuwa imefichwa na sanduku la dawa, sanduku la mbao pana kuliko mabega ya mwenyewe. Nikaipandisha juu ya kifuniko cha sanduku, nikaijengea kikofia cha bati isipigwe na matawi. Kazi hiyo ilinichukua siku mbili na ilinipendeza.

Vioo ndivyo vilivyonitoa jasho. Nilinunua vioo viwili vya mviringo vya kinyozi katika duka la Mhindi, nikavifanyia visahani vya bati vyenye ukingo wa mpira. Hilo lilikuwa jepesi. Shida ilikuwa mikono yake, yaani vile vyuma vya kutoka kwenye usukani kwenda nje mpaka kwenye kioo. Ukifanya mkono mfupi, mwendeshaji anaona sanduku. Ukifanya mrefu na mwembamba, unatikisika mpaka barabara yote kiooni inakuwa nyeupe kama maziwa. Ulitakiwa mkono mnene shinani, unaopungua taratibu kuelekea nchani, tena uwe na kibanio cha kuushika usukani ili mkono usizunguke. Bati mimi nalikata kama kitambaa, lakini chuma cha namna hiyo kinataka mhunzi.

Nilimweka shemeji juu ya pikipiki, sanduku likiwa nyuma yake, nikamwambia ashike usukani kama anavyoushika njiani. Nikasimama nyuma, nikasogea hatua kwa hatua, yeye akishika kioo mkononi na kuninyooshea kidole kila aliponiona. Tulipopata mahali panapofaa nikapima kwa uzi wa katani, fundo mwanzo na fundo mwisho. Ule uzi ulikuwa sahihi. Mpaka leo nitasema ulikuwa sahihi kwa nilichokiona siku ile.

Mhunzi niliyempelekea alikuwa Mnyamwezi, akikaa maili sita nje ya mji kwenye barabara hiyohiyo ya Goweko, mtu wa makamo mwenye kifua kama pipa. Yeye na mimi tulikuwa watani. Asiyejua utani wa Mnyamwezi na Mzaramo hawezi kujua tulivyoishi. Wazee wetu walibeba mizigo pamoja kwenda na kurudi pwani, wakazikana njiani, na utani ukazaliwa humo. Mimi nilidai babu yake alilia kumwita mama yake walipoiona bahari. Yeye alidai babu yangu aliletwa Tabora amefungwa pamoja na mzigo kwa sababu alikataa kutembea. Tulinyang'anyana kofia mbele ya watu. Nikiingia kwake niliketi kwenye kigoda chake bila kukaribishwa nikaamuru niletewe maji, na yeye akifika kwangu alitangaza sokoni kwamba amekuja kumkagua mtumwa wake. Hakuna aliyekasirika. Mwenye kukasirika kwa utani ndiye mwenye kosa.

Tena alikuwa mtani mwenye hila. Mwaka uliotangulia niliagiza kwake koleo. Alikuja nalo, nikalijaribu, meno hayakutani. Nikafoka nusu saa, nikamtukana yeye na ukoo wake wote, naye ametulia tu. Nilipochoka akainua gunia alilokalia, na chini yake kulikuwa na koleo lingine, zuri kuliko yote niliyowahi kushika. Gongoni nzima ilinicheka mwezi mzima.

Basi nikampelekea uzi wangu, nikamweleza nitakacho. Siku ya nne akaja mwenyewe mjini na mikono miwili imefungwa ndani ya gunia. Aliifungua juu ya meza yangu. Chuma kilikuwa laini, kimefuliwa kwa ustadi, shina nene na ncha nyembamba, kama nilivyomwagiza. Lakini ilikuwa mirefu. Nilitandaza uzi wangu juu yake: vidole vinne vilizidi, mkono wa kulia na wa kushoto.

"Nini hii?" nikamuuliza. "Nilitaka mikono ya vioo, umeniletea pembe za ng'ombe wa Kisukuma."

"Ndiyo hiyo mikono yako."

"Imezidi. Uzi huo hapo."

"Najua imezidi. Uzi wako ni mfupi kama akili ya babu yako. Usiikate, Mzaramo. Ukiikata utarudishiwa dada yako nyumbani na mikeka yake."

Nikacheka. Wateja wawili waliokuwa wamekaa pale barazani nao wakacheka.

"Leo sitanii," akasema.

Hapo nilicheka mpaka nikaweka tupa chini. Kwa maana hakuna mtani aliyewahi kutania bila kutanguliza neno hilo. Hata siku ya koleo alianza nalo. Nikamwambia, "Haya, inua gunia, toa ile ya kweli." Akaliinua gunia, akalikung'uta, ikamwagika masizi matupu.

"Hakuna nyingine," akasema. "Mimi namwona anavyopita pale kwangu. Wewe humwoni."

"Nimemwoza dada yangu, nakula kwake kila Ijumaa, halafu wewe ndiye unayemwona?"

Barazani wakaangua kicheko tena. Mhunzi alinitazama, akakunja gunia lake, akaondoka. Kwa kawaida hakuondoka kwangu bila kuchukua kitu, kofia au tumbaku. Siku hiyo hakuchukua kitu, nami sikuliwaza.

Nilisubiri mpaka kesho yake, nikijua atarudi na mikono ya kweli akinicheka. Hakurudi. Shemeji alikuwa aondoke Jumatatu. Nikaibana mikono kwenye jiliwa, nikachukua msumeno wa chuma, nikakata vidole vinne kila upande, nikalainisha ncha kwa tupa na kukaza vioo kwa nati. Sitasema nilikata kwa kukosa muda tu. Nilikata pia kwa sababu kipimo kilikuwa changu, na sikutaka pikipiki niliyoitengeneza ipite mjini na mapembe, watu waulize ni fundi gani huyo.

Tulipojaribu, shemeji aliketi, akatazama kioo cha kulia, akatazama cha kushoto. Nyuma yake barabara ilionekana mpaka kwenye kona ya msikiti. Mwanamke mmoja alipita na kikapu, naye akamfuata kwa macho kiooni mpaka akapotea. "Namwona," alisema, kwa sauti kubwa kama wasemavyo viziwi. "Shemeji, namwona mpaka kikapu chake." Akanishika mkono, akaushika muda mrefu. Nilifurahi. Kama kuna siku niliyojiona fundi, ni hiyo.

Akaenda, akarudi. Akaenda tena. Miezi miwili ilipita hivyo, dada yangu akaanza kulala usingizi, na mimi nikawa nawaonyesha watu ile pikipiki kila inapopita kana kwamba niliiunda mimi tangu magurudumu. Nilipokutana na mhunzi sokoni nilimpigia kelele: "Vipi, dada yangu hajarudi na mikeka!" Alicheka kidogo.

Kisha karanga zikavunwa, na asali ikatoka.

Jambo nisilolijua ni hili, na ningelijua kama ningeuliza swali moja tu. Watu wa vijijini hawakumwacha dresa aondoke mikono mitupu. Mama aliyezalishwa salama, mzee aliyeponywa kidonda, kila mmoja alimfungia kitu. Msimu wa mavuno mzigo wa kurudi ulikuwa mkubwa kuliko wa kwenda: magunia ya karanga yamening'inizwa ubavuni mwa sanduku, makopo ya asali juu yake, mkeka, pengine jogoo. Shemeji alifika nao mpaka nyumbani Mtendeni, akaushusha kwa dada yangu, akanawa, ndipo akaja kwangu. Mimi sikuwahi kumwona hata siku moja na mzigo wa kurudi. Mhunzi alimwona kila msimu, kwani alipita mbele ya kiwanda chake.

Ilikuwa alasiri, si mbali na kwa mhunzi. Shemeji alikuwa katikati ya barabara maana pembeni kulikuwa na mchanga mwingi, nao mchanga huangusha pikipiki. Nyuma kulikuwa na lori la tumbaku. Dereva alisema alipiga honi mara nyingi, akadhani mwenye pikipiki anamfanyia kiburi, akaamua kupita. Hakuwa mtu mbaya, na alilia alipokuwa akieleza. Kwenye vioo vyangu shemeji aliona magunia ya karanga, kulia na kushoto. Lori lilimgusa kwa ubavu tu. Pikipiki ilikwenda kichakani, naye paja likavunjika mahali pawili.

Mhunzi alisikia honi, kisha kishindo. Ni yeye aliyemfunga mguu kwa mipini ya majembe, akampakia kwenye lori lile lile, akaja naye mpaka hospitali. Nilipofika nilimkuta amekaa nje ukutani, vioo viwili miguuni pake, kimoja kimepasuka. Alikuwa ameviokota. Aliinua kimoja, akakitazama pale nchani nilipopita msumeno, akanikabidhi.

"Pole, fundi," akasema.

Kwa miaka yote hakuwahi kuniita fundi. Nilikuwa Mzaramo, mtumwa wake, mla nazi, mjukuu wa mtu aliyefungwa na mzigo. Nilingoja aongeze neno. Akasimama, akajipangusa vumbi, akarudi kwake kwa miguu.

Hospitali walimtibu vizuri, sina la kuwalaumu. Lakini mgonjwa aliyelala kitandani majuma hawezi kuwaficha watu masikio yake. Daktari alisimama upande wa kichwani akamwuliza swali, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ikaandikwa. Pikipiki ilinyooshwa ikapewa kijana mwingine wa kutoka chuoni, na vishikio vyangu vya taa vikaendelea kutumika juu yake, havikulegea hata nati moja. Shemeji aliambiwa akipona kuna kazi ya kuosha na kupanga chupa.

Nilikwenda kumwambia ukweli. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njiani, maneno ya chini, ya mtu na shemeji yake. Niliketi mbele yake nikaanza, lakini alikuwa dhaifu na macho yake hayakutulia kwenye midomo yangu.

"Sisikii," alisema.

Nikapandisha sauti. "Mikono ilikuwa mirefu. Niliikata."

"Umefanya nini?"

"Niliikata!" nikapiga kelele, na wodi nzima ikanigeukia. "Mhunzi aliniambia nisiikate! Nikaikata!"

Alinielewa. Akafumba macho, akayafumbua, akatazama nyuma yangu. "Basi," akasema polepole, "na dada yako amesikia."

Dada yangu alikuwa mlangoni na bakuli la uji. Akaingia, akaketi upande wa pili wa kitanda, akaanza kumlisha mumewe, kijiko kwa kijiko. Nilikaa pale nikitamani anitupie lile bakuli.

"Kaka," akasema bila kunitazama, "mtani wako alikwambia?"

"Aliniambia."

"Ukacheka."

"Nilicheka."

Akamfuta mumewe kidevu. Uji ulipokwisha ndipo akasema, "Mpelekee kuku. Umemkosea yeye kabla ya kutukosea sisi."

Alikuwa na maana. Watani wakikoseana kuna faini, kuku au mbuzi kwa ukubwa wa kosa. Mkosaji anaipeleka mwenyewe, anatukanwa mbele ya watu mpaka wachoke, kuku analiwa, na jambo linaishia tumboni. Nilinunua kuku jike mzuri, mweupe, nikamfunga miguu, nikashika barabara ya Goweko asubuhi. Njia nzima nilikuwa najiandaa kwa matusi. Nilijua atakayoanza nayo, nilijua atamtaja babu, nikayakubali yote mapema. Nitasema wazi kwamba niliyatamani.

Mhunzi alikuwa anafua jembe. Aliniona, akamaliza lile jembe, akalichovya majini, akaniletea kigoda yeye mwenyewe na kunikaribisha kwa adabu. Mkewe akaniletea maji ya kunywa, nami sikuwa nimeyaamuru. Niliyanywa. Akaniuliza hali ya mgonjwa, nikamweleza. Akauliza watoto, nikamwambia wazima. Kisha nikamweka kuku mbele yake, nikamwambia nimeleta faini, atukane atakavyo.

Alimtazama kuku. Akaiweka nyundo chini.

"Faini ya utani ningeipokea," alisema. "Ningekutukana mpaka jioni. Lakini siku ile mimi nilikuwa nasema kweli."

Akainama, akamwokota kuku, akanirudishia mikononi kwa upole, akageukia moto wake.

Niliondoka. Maili sita mpaka Mtendeni, kuku yule akinidonoa mkono, watu wa barabarani wakiniamkia vizuri, na hakuna hata mmoja aliyenitukana.